Mihuri ya Senti za Kale za Marekani: Jinsi Sarafu Iliyochakaa Inavyosomwa

Sarafu ya shaba iliyopita mikononi mwa watu kwa miaka hamsini hufikia hali ambayo jicho la kawaida halioni ila kivuli cha kichwa upande mmoja na kivuli cha shada la majani upande wa pili. Mwaka umefutika, na maneno yamesalia vipande vipande. Hata hivyo wapo wataalamu ambao huitazama sarafu ya namna hiyo, iliyotoka Marekani mwishoni mwa karne ya 18, wakautaja si mwaka wake tu, bali hata muhuri hasa uliotumiwa kuugonga upande huu na muhuri mwingine uliotumiwa upande ule. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi utambuzi huo unavyofanyika. Suala lenyewe ni la elimu ya sarafu; lakini kwa sehemu kubwa ni suala la kusoma maandishi yaliyoharibika, na kwa hiyo haliko mbali na kazi ya msomi wa lugha.

Hapana budi kuanza na jinsi sarafu hizo zilivyotengenezwa. Sheria ya tarehe 2 Aprili 1792 iliunda kiwanda cha sarafu cha taifa katika mji wa Philadelphia, na senti za shaba zilianza kutolewa mwaka 1793. Zilikuwa senti kubwa kuliko zile za siku hizi, nazo ziliendelea hadi 1857, isipokuwa kwamba hakuna senti yenye mwaka 1815. Kisahani cha shaba kiliwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma cha pua iliyochorwa kinyume, kisha kikagandamizwa kwa mashine ya parafujo. Mihuri hiyo haikudumu. Chuma kilipasuka, na kila kilipopasuka ilibidi muhuri mwingine utengenezwe. Hapo ndipo kiini cha habari hii kilipo, kwa kuwa mchongaji alizipiga herufi na tarakimu katika muhuri moja moja, kwa nyundo na kwa mkono. Hata pale kichwa kilipoanza kuhamishwa kutoka kielelezo kimoja, herufi ziliendelea kupigwa hivyo hivyo. Hapakuwa na mkono ulioweza kuiweka R mahali pale pale mara mbili. Yafaa basi kusema kwamba sarafu ni kitu kilichopigwa chapa, lakini muhuri wake ni mswada. Na kila mswada una mwandiko wake.

Mtu wa kwanza kuichambua mihuri ya mwaka mmoja kwa uangalifu mkubwa alikuwa Edward Maris, daktari wa Philadelphia, ambaye mwaka 1869 alitoa kijitabu juu ya senti za 1794. Maris hakuipa mihuri namba tupu, bali aliipa majina kwa kuitazama sura ya Uhuru iliyochorwa: mmoja aliuita Kidevu Maradufu, mwingine Nne Iliyoanguka, mwingine Nywele Zilizokatika. Majina hayo yanapendeza na bado yanatumika, lakini kwa sarafu iliyochakaa hayasaidii sana. Kidevu na nywele ni sehemu zilizoinuka kuliko nyingine, na kilichoinuka ndicho kinachotangulia kulika. William H. Sheldon, katika kitabu chake cha 1949 kuhusu senti za 1793 hadi 1814, alifuata njia ya namba, nazo ndizo zinazotajwa na kila mtu leo.

Je, msomaji ashike nini wakati sura imekwisha? Jibu la wenye ujuzi ni kwamba asitafute herufi inasema nini, bali inasimama wapi. Maneno yenyewe yanajulikana tangu mwanzo: LIBERTY upande wa kichwa, UNITED STATES OF AMERICA upande wa shada, na katikati ya shada ONE CENT. Kuyasoma hakumpi mtu habari mpya. Lakini mahali M ya AMERICA ilipo ikilinganishwa na ncha ya jani lililo chini yake, au ukaribu wa mstari wa sehemu 1/100 na sufuri zake, au idadi ya matunda madogo katika kila tawi la shada, hayo hutofautiana kutoka muhuri hadi muhuri. Zikisalia herufi mbili tu katika pande zinazoelekeana za duara, mstari mnyoofu unaoziunganisha utapita juu ya jani fulani au pembeni yake, na kwa mstari huo pekee nusu ya mihuri ya mwaka ule inaweza kuondolewa katika hesabu. Ndivyo kazi inavyokwenda: ni kuondoa yasiyowezekana, na mara chache sana ni kugundua kwa mara moja. Mwanga uwe wa kulala, utoke ubavuni, na sarafu izungushwe polepole chini yake. Kuisafisha shaba ili isomeke ni kosa ambalo halirudi nyuma.

Kuna alama ambazo uchakavu huziheshimu. Muhuri ulipopasuka, shaba iliingia katika ufa na kuacha mstari ulioinuka. Kipande cha ukingo wa muhuri kilipomeguka, sarafu ilipata uvimbe mnene ambao husalia hata herufi zote zikiisha. Ubavu wa sarafu nao hulindwa kuliko nyuso zake. Senti za 1794 zina maneno ONE HUNDRED FOR A DOLLAR ubavuni, yaani mia kwa dola moja. Lakini mwishoni mwa 1795 uzito wa senti ulipunguzwa kutoka gramu 13.5 hivi hadi gramu 10.9, kisahani kikawa chembamba mno kuyabeba, na ubavu ukaachwa mtupu. Kwa hiyo senti isiyo na mwaka wala herufi huweza kuwekwa katika kipindi chake kwa kushikwa tu vidoleni. Vilevile, senti yenye mnyororo wa pete 15, moja kwa kila jimbo la wakati ule, haihitaji kuonyesha mwaka, kwa sababu mnyororo huo ulitumika 1793 peke yake.

Jambo linalostahili kuwashughulisha zaidi wasomi wa lugha ni makosa. Mihuri ya zamani imejaa makosa ya tahajia, na makosa ni ushahidi mzuri, kwa kuwa watu wawili hawakosei kwa namna moja ila kwa nadra. Katika muhuri mmoja wa 1796 B ya LIBERTY ilipigwa vibaya kisha ikasahihishwa juu yake, hata neno likasomeka LIHERTY. Muhuri mmoja wa 1801 una makosa matatu kwa pamoja: sehemu imeandikwa 1/000, UNITED inaonekana kama IINITED, na shada limekosa kikonyo kimoja. Kabla ya kiwanda cha taifa kuanzishwa, jimbo la Connecticut lilikuwa na sarafu zake za shaba za 1785 hadi 1788 zenye maneno ya Kilatini yaliyofupishwa, AUCTORI CONNEC upande mmoja na INDE ET LIB upande wa pili, yaani kwa mamlaka ya Connecticut, na kujitawala na uhuru. Jozi za mihuri zake zinazojulikana zinazidi 300. Humo mna AUCTOPI, AUCTOBI, CONNFC na INDL. Henry C. Miller, aliyeziorodhesha, alitegemea sana nukta, vistari na maua madogo yaliyowekwa kati ya maneno: ni orodha iliyojengwa juu ya alama za uakifishaji, na pengine hakuna nyingine iliyozitukuza kiasi hicho.

Lakini hapa ndipo mtego ulipo. R iliyolika mguu wake husomeka P. E iliyolika mstari wa chini husomeka F, na iliyolika mistari ya juu husomeka L. Sarafu iliyochakaa hujizulia makosa ambayo mchongaji hakuyafanya, na mwenye hamu ya kupata AUCTOPI ataipata katika sarafu nyingi zisizo nayo. Kosa la mkono halina budi kutengwa na kosa la wakati. Njia ya kulitenga ni ile ile: herufi yenye shaka isiachwe iamue peke yake, bali majirani zake waulizwe kwanza kama wamesimama mahali ambapo muhuri huo unawaweka. Kadhalika ukosefu wa herufi. Muhuri mmoja wa senti za mnyororo umeandikwa AMERI. badala ya AMERICA. Asiyeziona C na A za mwisho asiharakishe kusema hazikuwapo. Apime nafasi iliyo kati ya I na U ya UNITED, kwani herufi mbili haziwezi kukaa pasipo na nafasi ya herufi mbili.

Msomi wa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu anaijua shida hii, pale nukta zinapofutika na ba, ta na nuni kufanana. Naye huokolewa na kina cha ubeti. Hata sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zina msaada huo, kwa kuwa maneno ya upande mmoja yamepangwa yapatane kwa vina na ya upande wa pili. Senti ya Marekani haina kina. Badala yake ina ndoa ya mihuri: muhuri wa kichwa uliodumu kuliko mwenzake uliunganishwa na mwingine, na jozi zote zilizowahi kutokea zimeorodheshwa. Upande mmoja ukitambulika kwa hakika, upande wa pili, hata ukiwa laini kama kokoto ya mtoni, hubakiwa na mihuri miwili au mitatu tu inayowezekana.

Utambuzi wa muhuri una mpaka wake, na mpaka huo ulionekana katika mkasa uliomhusu Sheldon mwenyewe, aliyefariki 1977. Baada ya kifo chake ilibainika kwamba alikuwa amechukua senti nzuri kutoka hazina ambayo George Clapp aliipa American Numismatic Society ya New York, akaweka mahali pake senti zilizo duni zaidi. Kila senti aliyoiweka ilikuwa ya muhuri ule ule wa ile aliyoichukua, kwa hiyo namba zilizoandikwa katika hazina zilibaki kuwa kweli, na mkaguzi aliyetazama mihuri peke yake asingeona tofauti. Senti zilizopotea zilifuatiliwa kwa kulinganishwa na picha zilizopigwa zamani: mkwaruzo shavuni, doa jeusi karibu na mwaka, kidonda kidogo ukingoni. Shauri lilifika mahakama ya rufani ya California, ambayo mwaka 1996 iliamua kwamba muda wa kudai mali ya namna hiyo uanze kuhesabiwa tangu mwenye mali alipogundua ni nani anayeishikilia.