Jiwe lenye majina mawili



Jumapili moja tulipanda lori kutoka Rumonge, wakata mikungu ya michikichi pamoja na wakamuaji wa mawese, tukafuata barabara ya ziwa, tukapita Muhuta mpaka Mugere, karibu na Bujumbura. Tulikwenda kutazama jiwe. Wengi wetu tumelipita miaka yote tukipeleka mawese mjini, wala hatujashuka hata mara moja.

Jiwe ni kubwa, nalo limechongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Kwanza tusahihishe kosa. Watu wengi husema hapo ndipo Wazungu hao walipokutana. Sivyo. Walikutana Ujiji, karibu na Kigoma, majuma machache kabla. Hapa walilala siku mbili tu, wakienda ncha ya kaskazini ya ziwa kutafuta jibu la swali moja: mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Huko Ulaya wakubwa walikuwa wakibishana kama Tanganyika ndiyo chanzo cha Nili. Siku chache baadaye wakafika mdomoni mwa mto, wakaona maji yanaingia. Wenyeji wa pale hawakuhitaji kuambiwa.

Mzee mmoja mkata mikungu alilizunguka jiwe mara mbili, akauliza: "Sasa wapiga makasia wameandikwa upande gani?"

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Kutoka Ujiji hadi Mugere ni zaidi ya kilomita 150, na mtumbwi ule haukuwa na mashine. Ulikwenda kwa mikono ya watu. Tunamjua mpishi, Ferajji, na kijana mkalimani, Selim, kwa sababu Stanley aliwataja kitabuni. Wenye makasia hawamo jiweni. Hata mti tunaujua! Stanley aliandika kwamba mtumbwi ulichongwa katika mvule wa Ugoma, ng'ambo ya ziwa. Mti umepata jina, mpiga kasia hakupata.

Tukirudi, mazungumzo ndani ya lori yaligeukia miti. Tarehe 3 Machi 1980 ilitoka sheria ya kuunda mbuga za taifa na hifadhi nchini Burundi. Rusizi ile ile ya Stanley leo ni mbuga, yenye viboko, mamba na mikoche. Upande wetu tuna misitu ya miyombo ya Rumonge na Vyanda, na huko Vyanda wamo sokwe. Tena tuna Kigwena, msitu wa bondeni karibu na ziwa, kwenye njia ya Nyanza-Lac. Kigwena umeliwa pembeni na mashamba, na michikichi ni mmoja wa walaji.

Hapa tuseme kweli, hata kama itatuuma. Mawese hupikwa kwa kuni, na kuni hazishuki mbinguni. Mama anakamatwa na tita moja kichwani, anatozwa faini. Mwenye kinu aliyeinunua kuni ya jana hakuulizwa kitu. Sisi hatusemi msitu uachwe wazi. Mwezi Machi 2015 kilima kiliporomoka Gitaza, hapo hapo Muhuta, watu wakafa na barabara ya Rumonge ikakatika. Aliyeona matope yale hahitaji kufundishwa kazi ya mizizi. Tunachosema ni kwamba mlinzi asianze na kuishia kwa mama mwenye tita. Makapi ya chikichi na maganda ya kokwa huwaka vizuri yakikauka. Mwenye kinu ajenge banda la kuyakaushia, na kazi ya kuyaanika iandikwe katika mshahara, isiwe nyongeza ya bure baada ya saa za kazi. Jambo hilo tutalileta mezani katika mazungumzo yajayo.

Safari ya pili ni Kigwena. Kila mtu achukue chakula chake na kofia. Nyumbani kwenu kama yuko mzee aliyewahi kuchonga mtumbwi, au aliyepiga kasia kwenda Kigoma, mleteni. Atakaa mbele pamoja na dereva. Daftari tutakuwa nalo. Tutaandika jina lake, la baba yake, na la mti alioutumia.