Nyota za Noeli juu ya Kisangani

Vitabu vya Ulaya vinafundisha kwamba majira ya baridi ni wakati mzuri wa kutazama nyota. Sisi wa Kisangani hatuna majira hayo. Lakini katika Desemba na Januari, mvua zikipungua, mbingu inajifunua hata kwetu. Shida ni kwamba ramani za nyota zilizochorwa Ulaya zinatupoteza. Kwa sababu gani?

Mji wetu uko karibu kilometa 57 tu kaskazini ya ikweta. Nyota ya Kaskazini, ambayo mtu wa Bruxelles anaiona juu sana, kwetu inakaa chini kabisa, pale mbingu inapogusa msitu. Anayeitafuta ili apate njia, atachoka bure.

Basi tutazame Orioni. Nyota tatu za mkanda wake zinafuatana kwa mstari mmoja, na kila mtu anaweza kuzitambua. Kwa kuwa ziko karibu sawasawa juu ya ikweta, zinatoka mashariki na kushuka magharibi, pasipo kupinda. Katekista anayerudi usiku toka kijijini anaweza kuzitegemea. Na usiku wa Noeli, saa sita, ziko karibu juu ya utosi wetu. Huko Ulaya zinasimama upande wa kusini tu.

Mstari wa mkanda, ukiufuata upande mmoja, unakufikisha kwa Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Upande wa pili, karibu na Kilimia. Kitabu cha Yobu kinataja Kilimia na Orioni pamoja. Kusini tunaona Canopus, ambayo watu wa Bruxelles hawaioni kamwe.

Sayari ni kitu kingine. Nyota inametameta, sayari inatulia; nayo inarudisha nuru ya jua, tena inahama polepole kati ya nyota. Tarehe 21 Desemba 2020, Jupiter na Saturne zilionekana karibu kugusana. Watu wengine waliuliza: Je, ndiyo nyota ya Mamajusi? Tuwajibu kwa upole na kwa ukweli. Sayari hizo zinakutana karibu kila miaka 20, na jioni ile zilitengana kwa kilometa zaidi ya milioni 700. Imani haihitaji kuongezewa ajabu lisilokuwapo.

Ndugu, usiku usio na mwezi, zimeni taa, mtoke nje, mwanze na zile nyota tatu.