Je, Wajua? Mjerumani alishinda kwa mizinga, akatawala kwa akida

Je, wajua kwamba dola iliyoiteka pwani ya Tanga kwa mizinga iliitawala kwa vyeo ilivyovikuta? Agosti 1888 Emil von Zelewski, wakala wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alitaka bendera ya kampuni ipepee kwa liwali wa Pangani, gavana wa Sultani wa Zanzibar, na watu wakaja juu. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza vita hadi aliponyongwa Pangani, 15 Desemba 1889. Aliyemshinda, Hermann Wissmann, alitegemea askari wa Kisudani walioajiriwa Misri. Wajerumani wenyewe walikuwa wachache mno, na uchache huo ndio ulioamua yaliyofuata. Maliwali wa miji, maakida waliokuwa chini yao na majumbe wa vijiji waliachwa wakusanye kodi na kuamua kesi, kama Roma ilivyowatumia wakuu wa Galia, yaani Ufaransa ya kale.

Huenda mtu akasema vyeo hivyo vilibaki jina tu, kwa kuwa akida sasa aliwekwa na kuondolewa na Mzungu. Ni kweli, na wanakijiji waliotozwa kodi hawakuona nafuu yoyote. Lakini tazama lugha. Galia iliishia kusema Kilatini. Huku, mtawala ndiye aliyejifunza Kiswahili. Shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa 1892, iliandaa makarani kwa Kiswahili, na gazeti la Kiongozi likachapwa mjini humo kuanzia 1904. Hata bara, kwenye vijiji visivyowahi kumjua akida, alipelekwa mmoja kutoka pwani, na kanzu yake.