Pipi za Kakao: Kuzipika na Kuzihesabia

Watu wengi wanapenda vitu vitamu. Mtoto akipewa shilingi mia, mbio dukani kununua pipi. Sisi watu wazima nasi tumo, ila tunajificha kidogo. Lakini ni wachache wanaojua kwamba pipi laini ya kakao inaweza kupikwa nyumbani, kwa sufuria moja na mwiko mmoja. Huhitaji mashine wala umeme.

Leo tutajifunza namna ya kupika pipi hizo. Pia tutajifunza mambo mawili ambayo wapishi wengi huyasahau: kujilinda na sukari ya moto, na kuandika hesabu. Tusome polepole. Mahali pagumu turudie.

Kakao ni nini?

Kakao ni mti. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Matunda yake yana ajabu moja: hayaning'inii kwenye vitawi vyembamba kama maembe, bali huota kwenye shina lenyewe na kwenye matawi makubwa. Ndani ya tunda moja kuna mbegu 20 hadi 50, zimefunikwa na nyama nyeupe yenye utamu.

Siku hizi nchi inayotoa kakao nyingi kuliko zote duniani ni Côte d'Ivoire, katika Afrika ya Magharibi. Hapa Tanzania kakao inajulikana zaidi Kyela, mkoa wa Mbeya. Inalimwa pia mkoa wa Morogoro. Mkulima huvunja matunda, akatoa mbegu, akazivundika kwa siku 5 hadi 7 zikiwa zimefunikwa kwa majani ya mgomba. Halafu huzianika juani mpaka zikauke. Mbegu isiyovundikwa haina ile harufu nzuri tunayoijua.

Kutoka hapo mbegu nyingi husafirishwa nchi za mbali. Huko hukaangwa, husagwa, na kutiwa sukari. Ndiyo chokoleti hiyo. Mwaka 1828 Van Houten wa Uholanzi alipata njia ya kukamua mafuta ya kakao kwa mtambo, na ndipo ikapatikana kakao ya unga. Mwaka 1847 kiwanda kimoja cha mji wa Bristol, Uingereza, kikatengeneza chokoleti ngumu ya kutafuna. Kabla ya hapo watu wengi waliinywa, kama sisi tunavyokunywa chai.

Kwa hiyo yuko mkulima aliyepalilia kakao maisha yake yote, na hajapata kuonja kitu kilichopikwa kwa kakao. Jambo hilo tunaweza kulibadilisha jikoni kwetu.

Vitu vinavyohitajika

Chukua kikombe kinachojaa robo lita. Kikombe hicho hicho ndicho utakachopimia kila kitu.

Sukari, vikombe 2.
Maziwa mabichi ya ng'ombe, vikombe 2.
Kakao ya unga, vijiko vikubwa 3.
Samli au siagi, vijiko vikubwa 2.
Karanga zilizokaangwa na kupetwa maganda, kikombe 1.
Chumvi kidogo sana, ya kushika kwa vidole viwili.

Maziwa yawe ya siku hiyo hiyo. Maziwa yaliyoanza kuchacha yatakatika sufuriani na kuwa mabonge. Kama huna maziwa, tumia tui zito la nazi. Pipi zitakuwa na harufu ya pwani, na wako wanaozipenda zaidi.

Walio karibu na mashamba ya kakao si lazima wanunue ya unga. Chukua mbegu zilizovundikwa na kukauka vizuri. Zikaange kwa moto mdogo kama nusu saa, huku ukigeuza, mpaka zitoe harufu na maganda yaanze kupasuka. Zimenye, kisha zitwange. Utaona ajabu: hazitakuwa unga mkavu bali uji mzito, kwa sababu karibu nusu ya mbegu ya kakao ni mafuta. Uji huo utafaa. Pima vijiko 3 vile vile.

Namna ya kupika

Kwanza, tayarisha kila kitu kabla ya kuwasha moto. Paka sinia samli kidogo. Tengeneza maji ya baridi ndani ya bakuli. Koroga kakao na maziwa kidogo katika kikombe mpaka mabonge yaishe. Maziwa yaliyobaki yapashe moto, yawe ya uvuguvugu. Sukari ikishaanza kuiva haitakusubiri uende dukani.

Pili, bandika sufuria kubwa yenye kitako kizito kwenye moto mdogo. Tia nusu kikombe tu cha ile sukari, bila maji. Itulie. Baada ya muda itaanza kuyeyuka pembeni. Tikisa sufuria taratibu mpaka yote iyeyuke na kuwa na rangi ya asali. Hapo ndipo panapotaka macho. Kutoka rangi ya asali hadi rangi ya makaa si safari ndefu. Sukari ikiungua kabisa huwa chungu kama dawa, na hakuna namna ya kuirudisha. Mwaga, anza tena.

Tatu, epua sufuria. Simama mbali kidogo, unyooshe mkono, umimine maziwa ya uvuguvugu polepole. Yatafoka na kupanda juu. Usishtuke. Sukari nayo itagandamana kama jiwe. Usishtuke tena. Rudisha motoni, koroga, itayeyuka yote.

Nne, tia sukari iliyobaki, yaani kikombe kimoja na nusu, pamoja na chumvi. Mimina na ile kakao uliyokoroga. Acha ichemke kwa moto wa wastani, huku unakoroga mpaka chini. Kazi hii huchukua kama dakika 30 hadi 45. Ukichoka mkono, mpe mwenzako mwiko. Usiuache sufuriani ukaenda kuzungumza na jirani uani.

Tano, ikianza kuwa nzito na kuacha njia nyuma ya mwiko, tia samli. Koroga.

Sita, pima kama imeiva. Dondosha tone moja katika maji ya baridi, halafu ulishike kwa vidole. Likiyeyuka majini, bado. Likifanya donge laini linalolala bapa, imekaribia. Likifanya donge linalosimama lenyewe, lakini ukilibonyeza linabonyea, imeiva. Epua mara moja. Likivunjika kama kioo, umepitiliza. Usiitupe, mimina haraka, itakuwa pipi ngumu ya kumung'unya.

Saba, tia karanga, changanya, mimina kwenye sinia. Sawazisha kwa mwiko uliopakwa samli. Ngoja kama dakika 20. Ikiwa bado na uvuguvugu kidogo, kata vipande vidogo kwa kisu kilichopakwa samli. Vikipoa kabisa, funga kimoja kimoja katika karatasi nyeupe safi. Weka kwenye kopo kavu lenye kifuniko, maana sukari huvuta unyevu wa hewa, na pipi zikaanza kunata.

Msifungie pipi katika magazeti. Wino wa kuchapia si chakula. Gazeti ukishalisoma, mpe jirani naye asome.

Hatari ya sukari ya moto

Maji yakichemka, joto lake ni nyuzi 100. Sukari iliyoyeyuka na kuwa na rangi ya asali hufika nyuzi 170 hivi. Tena maji yakikumwagikia hutiririka yakaondoka. Sukari hainyenyekei hivyo. Hunata kwenye ngozi na kuendelea kuchoma.

Kwa hiyo watoto wasikae jikoni wakati wa kupika. Mkono wa sufuria usielekee njiani. Na mtu asionje kwa kidole, hata kama harufu inamwita. Aonje lile tone lililopoa majini.

Mtu akiungua, fanya hivi. Mwagia maji safi ya baridi mahali palipoungua, kwa dakika 20. Maji hupoza, tena huyeyusha sukari. Vua bangili au pete kabla mkono haujavimba. Sukari iliyoganda kwenye ngozi usiibandue kwa nguvu, maana itatoka na ngozi. Usipake samli, dawa ya meno, mayai wala unga. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke zahanati. Kama aliyeungua ni mtoto, au kama ni usoni, usingoje kesho.

Tuandike hesabu

Tuseme kuna mama mmoja anayepika pipi hizi na kuuza sokoni. Ana daftari. Bei tulizoandika hapa ni za mfano tu. Bei za kwenu unazijua wewe.

Sukari: shilingi 1,200.
Maziwa: shilingi 1,000.
Kakao: shilingi 800.
Karanga: shilingi 700.
Samli: shilingi 500.
Mkaa: shilingi 500.
Karatasi: shilingi 300.
Jumla ya gharama: shilingi 5,000.

Amepata vipande 60. Anauza kila kimoja shilingi 100. Akiviuza vyote atapata shilingi 6,000. Toa 5,000. Faida ni shilingi 1,000.

Jioni anarudi nyumbani, anahesabu fedha. Ni shilingi 5,000 kamili. Anahesabu tena. Ni zile zile.

"Mama Asha," mumewe anamwambia, "hiyo faida imeibwa sokoni."

"Baba Asha, sokoni hakuna mwizi," anajibu mama, huku akigeuza daftari. "Watoto wamekula 4. Wifi alipita hapa, nikamwonjesha 3. Mimi nilionja 1. Haya, na wewe asubuhi ulichukua ngapi?"

Baba anakuna kichwa. "Mbili tu."

Jumla ni vipande 10. Vipande 10 mara shilingi 100 ni shilingi 1,000. Faida yote imeliwa ndani ya nyumba, na hakuna aliyeiba.

Hatusemi watu wa nyumbani wasionje. Ni haki yao. Lakini viandikwe. Kama kila mara 10 vitaliwa nyumbani, basi mpishi ajue kwamba anauza vipande 50, si 60. Ndipo aamue. Aongeze bei kidogo? Akate vipande vidogo zaidi? Anunue sukari kwa pamoja na wenzake wa kikundi ili ipungue bei? Hayo hawezi kuyaamua bila daftari. Tena angalia, katika hesabu ile hatukuandika kazi ya mama mwenyewe. Saa nzima mbele ya moto nayo ni kitu.

Neno la mwisho

Pipi ni ya kuonja, si chakula cha kushibisha. Sukari nyingi huozesha meno. Watoto wale moja baada ya chakula, wasukutue kwa maji, na usiku wapige mswaki. Watoto wadogo wasio na meno ya kutosha wasipewe zenye karanga, zinaweza kuwapalia. Na mwenye ugonjwa wa kisukari asitiwe majaribuni. Mkaribishe kwa karanga tupu.

Haya, wapishi, moto mdogo na macho sufuriani. Na mkimaliza, kalamu mkononi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini ni lazima kutayarisha vitu vyote kabla ya kuyeyusha sukari?
2. Tone likifanya donge linalobonyea, pipi imefika wapi? Likivunjika je?
3. Mtu ameungua kwa sukari, na jirani amekuja mbio na samli ya kumpaka. Utamwambia nini?
4. Andika bei za vitu vyote katika soko la kwenu. Pipi moja inafaa kuuzwa shilingi ngapi ili mpishi apate faida, hata kama vipande 10 vitaliwa nyumbani?