NENO MOJA, KAZI NYINGI: SINDANO SAFI, MAKSAI NA MBUNG'O TASA

Leo tunazungumza hasa na wenzetu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, yaani mkoa mzima wa Simiyu. Tutaeleza neno moja la kigeni ambalo lisipoeleweka linaweza kumfanya mfugaji afiche ng'ombe wake siku ya chanjo. Neno lenyewe ni sterilaizi.

Tuseme siku ya chanjo imefika. Ng'ombe wamekusanyika penye josho. Bwana mifugo anamwambia msaidizi wake, "Hakikisha sindano zote zimesterilaiziwa." Mzee mmoja, anayejua maana moja tu ya neno hilo, anashtuka: "Kumbe wamekuja kuifanya mitamba yetu tasa!" Habari zinaenea, na kesho yake nusu ya ng'ombe hawaonekani. Baadaye chambavu au homa ya mapafu ikiingia, hasara ni ya nani? Ni ya mwenye boma.

Basi tulichambue neno hili. Kiswahili chetu kina maneno tofauti kwa kila kazi. Kifaa hutakaswa, yaani vijidudu vyake vyote huuawa. Dume huhasiwa. Jike asiyezaa huitwa tasa. Binadamu hufunga uzazi. Kiingereza kimezitia kazi hizo zote katika kapu moja, kwa sababu katika kila moja kuna kitu kinachokoma kuzaana. Kwa hiyo ukilisikia neno hilo, uliza swali moja tu: kinachokoma kuzaana ni nini? Ni vijidudu, au ni mnyama mwenyewe?

Kutakasa vifaa

Sindano ikitakaswa, wanaokufa ni vijidudu. Mtamba akichomwa sindano hiyo, uzazi wake hauguswi hata kidogo. Hatari iko kwenye sindano chafu, kwani inaweza kuhamisha ugonjwa kutoka kwa ng'ombe mmoja hadi mwingine, au kuacha jipu. Ndiyo sababu inafaa kila mnyama awe na sindano yake.

Kifaa cha kuchemshwa kioshwe kwanza kwa sabuni, maana damu iliyokauka huwaficha vijidudu. Kisha kitie katika sufuria yenye kifuniko, maji yakifunike chote. Chemsha kwa dakika 20, na uanze kuhesabu pale maji yanapotokota, si pale unapobandika sufuria. Kiache kipoe humo humo. Ukikitoa na kukifuta kwa kanga au shati, kazi yote imekwenda bure.

Hata hivyo, kuchemsha kuna kikomo. Vijidudu vya pepopunda na kimeta hujenga ganda gumu linaloweza kustahimili maji yanayochemka. Hospitalini hutumia mvuke wenye shinikizo, wa joto la nyuzi 121 za Selsiasi, ili kuwamaliza kabisa.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Bomba la sindano litakalotumika kwa chanjo usilisuuze kwa spiriti wala dawa ya kuua vijidudu. Chanjo nyingi za mifugo zina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Ukiviua ndani ya bomba, utakuwa umemchoma ng'ombe maji matupu.

Kuhasi

Hapa sasa anayekoma kuzaa ni mnyama mwenyewe. Nani katika Simiyu asiyejua thamani ya maksai? Ndiye anayevuta plau mvua za kwanza zikinyesha, na ndiye anayevuta mkokoteni wa pamba wakati wa mavuno.

Koleo la kuhasi, ambalo mabwana mifugo huliita Burdizzo, huviponda vile vishipa vinavyoshikilia kende bila kupasua ngozi. Kwa kuwa hakuna kidonda, hatari ya pepopunda na inzi hupungua sana. Lakini ponda kila upande peke yake, tena usipondee mahali pamoja. Ukibana pande zote mbili kwa mkupuo mmoja, damu hukatika na mfuko mzima unaweza kuoza.

Na wewe uliyehasi dume lako jana, usimrudishe kundini leo ukidhani kazi imekwisha. Mbegu zilizokwisha kutengenezwa bado zimo mwilini. Mtenge na majike kwa muda wa wiki 6 hivi.

Tasa

Tasa ni hali ya mnyama, wala si lazima iwe imesababishwa na mtu. Ng'ombe asiyeshika mimba huenda hapati malisho ya kutosha, au anaugua ugonjwa wa kutupa mimba. Na ndama jike akizaliwa pacha na dume, mara nyingi sana huwa tasa tangu tumboni, kwa kuwa damu zao zilichanganyika. Usimsingizie mchanjaji, wala usimlaumu jirani. Mwite bwana mifugo ampime.

Mbung'o tasa wa Unguja

Utasa wenyewe umewahi kuwa silaha ya kumsaidia mfugaji. Wanaochunga karibu na Pori la Akiba la Maswa wanamjua mbung'o na ugonjwa wa ndorobo anaouleta. Kisiwani Unguja walipunguzwa kwanza kwa kuwapaka ng'ombe dawa na kutundika vitambaa vyenye sumu. Kisha madume ya mbung'o yaliyofugwa Tanga yalipigwa mionzi yakawa tasa, na kati ya mwaka 1994 na 1997 yakamwagwa kwa ndege, zaidi ya milioni 8.

Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Akipandwa na dume tasa, basi hana uzao tena. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Unguja mwaka 1996. Ng'ombe wa kisiwani hawakufanywa tasa. Waliofanywa tasa ni maadui zao. Huku bara kazi ni ngumu zaidi, kwani mbung'o wa pori jirani hurudi, na hakuna bahari ya kumzuia.

Binadamu

Mwisho, tuseme wazi: kufunga uzazi si kuhasiwa. Mwanamume aliyefunga uzazi hospitalini hakuondolewa kende. Ni mirija ya mbegu tu iliyokatwa na kufungwa, na nguvu zake za kiume zinabaki. Naye pia hungoja kama miezi 3, apimwe, ndipo ategemee njia hiyo. Kwa kuwa ni njia ya kudumu, huamuliwa kwa hiari ya mhusika mwenyewe, baada ya kuelezwa na kuelewa.

Basi, ndugu mfugaji, chanjo ikitangazwa na ukasikia neno hilo, usikimbilie porini. Simama mbele ya bwana mifugo umwulize: "Ndugu, kinachosterilaiziwa ni sindano au ni ng'ombe wangu?" Ana wajibu wa kukujibu kwa Kiswahili. Akikujibu ni sindano, lete na yule ndama uliyemwacha nyumbani.