Baba Hakupuuzi, Bali Hakusikii
Katika masoko ya Kabuchai, kaunti ya Bungoma, mashine za kusaga mahindi hunguruma tangu asubuhi. Azisimamiaye miaka nenda miaka rudi bila ya kuziba masikio hudhurika pole pole, wala haoni maumivu. Kelele ipitayo desibeli 85 kwa saa 8 kila siku huweza kuharibu chembechembe zinazopokea sauti ndani ya sikio, nazo hazioti tena.

Sauti nyembamba ndizo zipoteazo kwanza, na nyingi ni za wanawake na watoto. Ndiyo maana mzee huzungumza vyema na wanaume wenziwe barazani, kisha nyumbani akaonekana kumpuuza mkewe. Tujihadhari na dhana mbaya.

Tumpeleke kwanza hospitali. Huenda ni nta iliyoganda tu. Ikiwa ni uziwi, apimwe kila sikio, ndipo kifaa cha kusaidia kusikia kichaguliwe na kurekebishwa kwa kipimo chake. Kikuza sauti kisichorekebishwa hukuza kelele pamoja na maneno. Penye vumbi, kile kikaacho nyuma ya sikio ni chepesi kusafishwa. Tuulize pia bei ya betri na mahali pa kukitengeneza. Akivue kabla ya kutawadha, kwani maji hukiharibu.

Kifaa hakirudishi masikio ya ujana, na kukizoea huchukua wiki kadhaa. Nasi tumwelekee uso tunaposema naye, taratibu, bila ya kupaza mno sauti. Na vijana walioko kwenye mashine leo wazibe masikio yao mapema.