Kofia Iliyosikia Mashairi

Haya, sogeeni karibu. Leo sizungumzi mimi. Anazungumza kofia.

"Hamjambo, watoto? Mimi ni kofia ya mianzi. Kwetu ni Guangdong, kusini mwa China, kwenye vilima vya Wahakka, jamii moja ya Wachina. Mimi ni bapa. Katikati nina tundu, fundo la nywele lipite. Pembeni nimeshonewa kitambaa cheusi kinachoning'inia. Jua halichomi uso, na upepo unapita. Mwanamke alipobeba kuni, nilikuwa kichwani. Alipopanda mpunga, nilikuwa kichwani. Alipoimba, nilikuwa kichwani, nikasikia yote."

Kofia, na wanaume walikuwa wapi?

Ahaa! Mtoto anayeuliza hivyo hadanganyiki upesi. Mjibu, kofia.

"Wengi walivuka bahari. Wengine walichimba bati Malaya. Wengine walifungua maduka Mauritius, humohumo katika Bahari ya Hindi mnayoijua. Wahakka walitoka kaskazini karne nyingi zilizopita, wakakuta mabonde mazuri yana wenyewe. Wakapanda vilimani, na kilima hakilishi watu wengi. Mume akaondoka. Mke akabaki na shamba, wakwe, watoto na mzigo. Siku hizo, sehemu nyingi za China, wasichana walifungwa miguu kwa vitambaa ibaki midogo. Wahakka hawakuwafunga binti zao. Miguu ile ingepandaje kilima na kuni?"

Sasa aliimba kwa sababu ya furaha?

"Mara nyingine. Mara nyingine alimlilia mume aliye mbali. Mara nyingine alimchokoza mtu wa kilima cha pili, na yule akamjibu papo hapo, kwa wimbo. Naye akajibiwa tena! Nilicheka hadi kitambaa changu kikatikisika."

Nyimbo hizo huitwa nyimbo za milimani. Ninyi mnaojua shairi la mishororo 4 mtazipenda. Nazo zina mishororo 4, ila kila mshororo una mizani 7 tu. Mshororo wa 1, wa 2 na wa 4 huwa na kina kimoja, kama mafiga matatu. Wa 3 ndio chungu: una kina chake, na mara nyingi wazo hugeukia hapo. Jaribuni kutunga papo hapo, mzigo begani, jirani akisubiri jibu. Si mchezo.

Je, waliandika?

"Wengi hawakupelekwa shule. Shairi lilikaa mdomoni."

Lakini mtu mmoja alisikiliza. Huang Zunxian, aliyezaliwa mwaka 1848 huko Meizhou, kwenye vilima hivyohivyo vya Guangdong, alikuwa mshairi na mwanadiplomasia. Alifika Japani, San Francisco, London na Singapore. Msomi mkubwa! Hata hivyo alikusanya nyimbo za kwao, akasema wazi kwamba wasomi wenye kalamu wasingeweza kutunga vile wanawake wa kijijini walivyotunga kwa kufumbua mdomo tu. Mimi nampenda kwa hilo. Wasomi wengi hawasemi hivyo.

Na mwanamke mwenyewe, hakushika kalamu?

Alishika. Kofia, pumzika kidogo, hapa hukuwepo. Mwaka 1927, huko Xinpu, Taiwan, alizaliwa binti wa Kihakka, Tu Pan Fang-ge. Wakati huo Japani ilitawala Taiwan, basi shuleni alisoma Kijapani, akatunga kwa Kijapani. Mwaka 1945 Wajapani wakaondoka. Kikaja Kichina cha Mandarin, na watoto walioongea lugha ya nyumbani shuleni waliadhibiwa. Akajifunza upya. Akatunga kwa Mandarin.

Mjomba, na lugha ya mama yake?

Subira, nafika. Alipokuwa na miaka 60 hivi, bibi huyu alianza kutunga kwa Kihakka. Lugha ya tatu kwenye karatasi, ya kwanza mdomoni! Alifariki mwaka 2016.

Na wale watoto, bado wanaadhibiwa?

La. Tangu mwaka 2001, shule za msingi za Taiwan zina vipindi vya lugha za nyumbani, na Kihakka kimo.